Rambo Alikuja Kudai Mafao

Ugomvi ulianza kwa sababu ya kusubiri. Kurusha muvi kwenye flashi iliyochoka kunachukua muda, na ofisini kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kuna benchi moja la watu wanne ambalo kwa kawaida hukaliwa na sita. Jioni hiyo walikuwepo mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye meli miaka mingi, mwalimu wa sekondari aliyekuja kuprinti mtihani, na kijana wa Kibirizi mwenye ndoo ya dagaa katikati ya miguu. Dada yangu alikuwa chumba cha pili akishona mapazia, mlango wazi kama kawaida yake ili asipitwe. Kompyuta inasema zimebaki dakika kumi na nne. Kijana akauliza, wala hana nia mbaya: "Kaka, wewe muvi ndiyo kazi yako. Ipi mbovu kuliko zote ulizowahi kuona?"

Nikajibu papo hapo, kama mtu aliyekaa miaka akingoja aulizwe. Rambo. Ile ya pili.

Mzee wa meli alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini. "Rambo? Rambo huyu huyu aliyepewa mpaka mifuko?"

Kwa watoto wa sasa inabidi kueleza. Mfuko wa plastiki sisi tulikuwa tunauita rambo. Unafika sokoni, mama anakuuliza, "Nikutilie kwenye rambo?" Iliendelea hivyo mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini, Juni 1, 2019. Sijui stelingi mwingine aliyebebewa nyanya kiasi kile.

Lakini nilikuwa na ushahidi, na mtu mwenye ushahidi hana adabu. Nikawaambia kwamba Marekani kuna tuzo zinaitwa Razzie, alizianzisha John J. B. Wilson, za kwanza zikatolewa 1981, na kazi yake ni kinyume cha Oscar: zinatafuta kilichooza. Kwa filamu za mwaka 1985, Rambo: First Blood Part II ndiyo iliyobeba tuzo ya filamu mbaya kuliko zote. Sylvester Stallone akabeba ya mwigizaji mbaya. Hadithi iliyoandikwa nayo ikabeba ya kwake. Nilizitaja moja moja kwa vidole, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu.

Kijana wa Kibirizi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hao waliotoa hizo tuzo, waliiona kwa lugha gani?"

"Kiingereza. Sasa waione kwa lugha gani?"

"Ndiyo maana."

Benchi likacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini swali lilinichoma, kwa sababu lilikuwa limegusa jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Nimekulia kwenye banda la video. Sisemi kwa mfano. Baada ya shule nilikuwa nafagia humo ndani, napanga mabenchi, naziba matundu ya mabati kwa makaratasi ya saruji ili jua lisiingie, na malipo yangu ni kukaa chini mbele kabisa, shingo juu, karibu na televisheni kiasi cha kusikia nywele zikivutwa na kioo. Kiingilio shilingi hamsini. Deki ilikuwa inasafishwa kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda mbili, na ikianza kukwaruza mwenye banda anainuka bila haraka, kama daktari. Joto lilikuwa halisemeki. Harufu ilikuwa ya dagaa, jasho na mawese, maana nusu ya watazamaji walitoka ziwani moja kwa moja.

Baadaye kanda zilizotafsiriwa zilianza kutufikia kutoka Dar, sauti ya Lufufu, mtafsiri wa kule, ikawa inajulikana kuliko ya diwani. Lakini kabla ya hapo sisi tulikuwa na mtafsiri wetu, mtu mzima, anayesimama pembeni ya televisheni na maiki iliyofungwa kwa utepe mweusi wa umeme. Alikuwa ametoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Kifaransa alikuwa nacho, Kiswahili cha kwao alikuwa nacho na chetu alishakichukua, Kiha alikisikia. Kiingereza hatukuwahi kuuliza. Mtu anayeweza kuongea dakika tisini bila kumeza mate humuulizi vyeti.

Na Rambo yake ilikuwa hivi. Rambo ni askari aliyepunguzwa kazini. Ametumika kwa uaminifu, amepigana, ana makovu mgongoni, mwisho wa siku akaambiwa mafao yake yapo njiani. Yule bosi anayekaa kambini na mashine zake zinazowaka taa ni mhasibu. Mhasibu anafungua faili, anakunja uso, anasema, "Rambo, hapa hakuna picha. Bila picha mimi siwezi kukusaidia. Nenda kwanza ukalete picha." Basi Rambo anapewa kamera, anatupwa msituni akalete picha. Huko anafanyiwa aliyofanyiwa. Anateswa, yule binti anayemsaidia anauawa, helikopta inayopaswa kumchukua inamuona na kumuacha. "Wamesema ofisi imefungwa!" mtafsiri alipiga kelele. "Wamesema arudi Jumatatu!"

Aliporudi kambini na bunduki kubwa, akaanza kuzimwagia risasi zile mashine, banda lilikuwa halikaliki. "Anapiga mafaili! Anapiga mafaili yote!" Watu wazima walisimama juu ya mabenchi. Mtu mmoja alivua shati.

Unapaswa kujua waliokuwa wamekaa humo. Hapa ni mwisho wa reli na mwanzo wa meli, na miaka ile ya tisini mji ulijaa watu waliopunguzwa kazi. Wapo waliokuwa bado wanadai tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Unawajua kwa bahasha ya kaki kwapani, imekunjwa mara nyingi mpaka kwenye mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Baba yangu alikuwa nayo. Baba hakupenda video, alisema ni mambo ya wahuni, lakini ile alikuja siku tatu mfululizo na akalipa kiingilio, wala hakutumia jina langu kuingia bure.

Sasa, mwaka 2009 nikanunua kompyuta yangu ya kwanza, na moja ya vitu vya mwanzo nilivyotafuta ni Rambo ya pili, halisi, picha safi, maneno yameandikwa chini. Nikavaa spika za masikio usiku, mke kalala. Nikangoja faili. Nikangoja mhasibu akunje uso. Yule bwana kumbe anaitwa Murdock na ni kiongozi wa operesheni ya kutafuta mateka wa vita Vietnam. Picha ni za mateka. Kamera ni ya kupigia picha mateka. Rambo mwenyewe hata haongei, anatoa maneno kama mtu anayelipia kila moja. Alipoanza kupiga risasi zile mashine nikaona mashine tu. Nikazima kabla haijaisha, nimekasirika kama niliyeibiwa. Ndiyo muvi mbovu kuliko zote nilizowahi kuona, na niliipenda kuliko zote nilipokuwa na miaka kumi na mbili, na hili sikulisema pale benchini. Nilisema Razzie.

Kompyuta ikasema zimebaki dakika tisa.

"Yangu mimi," akasema mzee wa meli, "ni ile uliyonitilia mwaka jana. Ile ya meli."

Nilijua anayosema. Nilimtafutia mwenyewe, nikidhani namfurahisha: The African Queen ya 1951, ya John Huston, ile iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Ni hadithi ya bwana mlevi na mmisionari wa kike wanaoshuka mto na kiboti chao wakati wa Vita ya Kwanza, wakipanga kuilipua meli ya Kijerumani iliyo ziwani. Ukisoma popote utaambiwa ni filamu kubwa. Na kila anayeitaja huitaja pamoja na Liemba yetu, maana meli kubwa ya kivita ya Kijerumani kwenye Ziwa Tanganyika letu hili ilikuwa ndiyo hiyo, kabla haijabadilishwa jina.

Hapo ndipo mzee alipogoma. Mwisho wa filamu ile meli inalipuka na kuzama.

"Wanazamisha meli ambayo mimi nimeipiga deki," alisema. "Nimekwenda nayo Mpulungu na kurudi, sijui mara ngapi. Nani kailipua?"

Na kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akatoa historia yote, na mzee huyu tarehe hakosei. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa tena hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Julai 1916, Wajerumani walipoona wanazidiwa, waliizamisha wao wenyewe. Na kabla ya kuizamisha wakapaka mitambo grisi, nene, kila mahali. Hapa mzee alisugua vidole kama bado ana grisi. "Unajua maana yake? Mtu anayepaka grisi anataka kurudi." Hawakurudi. Waingereza wakaiibua 1924, ikasafishwa, na 1927 ikaanza kubeba watu kwa jina la Liemba. "Hadithi ni hiyo. Ipo tayari, ni nzuri, haihitaji bomu. Wao wakaenda Uganda na Kongo kupiga picha, wakarudi kwao, wakalipua."

Mwalimu hakuvumilia. Ameiona, anaipenda, na alikuwa na hoja. Kwamba mzee anaangalia chombo wakati hadithi ni ya watu. Kwamba wale wawili si vijana, kila mmoja amekuja na tabia zake zimeshakomaa, mmoja anakunywa, mwingine anamwaga pombe zote mtoni wakati mwenzake amelala, na wanapaswa kupatana kwa sababu boti ni dogo. "Ni filamu chache sana zinazoonyesha watu wazima wakijifunza kuvumiliana," alisema. "Nyingi zinaishia kwenye busu."

"Mwalimu," mzee akamjibu kwa heshima kabisa, "mimi nimelala ndani ya meli ile. Ndani ya mapenzi yao sikulala."

Mwalimu naye akasema kwa kipimo hicho hakuna filamu itakayopona. Mzee akasema ipo. Titanic. "Ile wamezamisha kwa haki. Ilizama kweli, na imezama kwenye filamu, kwa barafu ile ile."

Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia mmoja wa watu wawili walioandika Rambo ya pili, ile iliyopewa tuzo ya uandishi mbovu, ni James Cameron, ambaye ndiye huyo huyo aliyetengeneza Titanic ikabeba Oscar 11.

Mzee akafikiri kidogo. "Basi hapo katikati alirudi shule."

Tulicheka mpaka hatukugundua cherehani imenyamaza. Dada alikuwa amesimama mlangoni na pini mdomoni. Akaitoa. "Mimi yangu ndiyo hiyo Titanic," akasema. "Sijaona filamu mbaya kama ile."

Mwaka 1996 dada alikuwa anaishi Mwanza. MV Bukoba ilizama Mei 21 mwaka ule, mamia ya watu wakafa, na Titanic ilitoka mwishoni mwa mwaka uliofuata. Ilipofika kwenye kanda, kanda mbili, maana ni zaidi ya saa tatu, kila mtu alikuwa anaisifia. Dada aliiona nusu. Hajawahi kutueleza alichokiona bandarini Mwanza na hakueleza siku hiyo. Alisema tu kwamba maji yalipoanza kuingia, watu aliokaa nao walikuwa wanakula karanga.

Hakuna aliyejibu. Mwalimu aliangalia karatasi zake. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema kuhusu bajeti na teknolojia ya filamu ile. Nikalimeza.

Ni yeye mwenyewe aliyetuokoa. "Msinitazame hivyo. Mimi nipeni zangu za mageti."

Za mageti ni jina letu la Bongo Movie. Mnajua zilivyokuwa. Gari linafika getini. Honi. Mlinzi anatoka, anafungua upande mmoja, anafungua upande wa pili. Gari linaingia. Mlinzi anafunga. Dereva anazima gari, anashuka, anafunga mlango, anaangalia simu, anapanda ngazi. Kinanda kinalia muda wote huo. Akifika sebuleni anasema "Mambo?" na Part One inaishia hapo, kanunue Part Two. Kwa miaka mingi nilizihesabu kuwa wizi wa mchana, na nilimwambia dada hivyo mara nyingi, huku nikiziuza.

Siku moja ndiyo akaniambia kwamba anapoangalia yeye haangalii gari. Anaangalia sebule. Lile pelmeti la juu ya dirisha limekunjwaje, shela ipo nyuma au mbele, pazia limeshuka mpaka chini au limekomea kwenye kizingiti. Wateja wake wanakuja na kumwambia, "Nataka kama ya kwenye muvi fulani," naye lazima awe ameiona. Zile sekunde zote ambazo mimi niliita upuuzi, yeye alikuwa anasimamisha picha na kuchora. Nyumba kadhaa za hapa Mwanga zina mapazia yaliyotoka kwenye filamu ambazo ningezichoma moto.

Na nyingine sitazisema tena vibaya kwa sababu nyingine. Aprili 7, 2012, Jumamosi, kesho yake Pasaka, tuliamka na habari kwamba Steven Kanumba amefariki. Alikuwa na miaka 28. Nilikuwa na mteja mmoja ambaye kila nikimwekea filamu ya Kanumba alikuwa analalamika: analia sana, anaongea Kiingereza bila sababu, suti kila saa. Alikuja siku ile kabla sijamaliza kufagia. Akataka zote nilizonazo. Nilimuangalia, akasema tu, "Usiongee." Kufika adhuhuri sikubaki na hata moja.

(Wenye hakimiliki naomba mnisamehe. Ni zamani.)

Niliwahi pia kujaribu kuwafundisha watoto wa jirani maana ya filamu mbovu, kwa kutumia ile ambayo Wamarekani wenyewe waliipa taji. Ni Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, waliitangaza kuwa mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Mwigizaji wake Bela Lugosi alifariki 1956 baada ya kupigwa picha kidogo tu, ikabidi nafasi yake ichukuliwe na mtu aliyekuwa akimtibu mke wa Ed Wood viungo. Hakufanana na marehemu hata kidogo, kwa hiyo filamu nzima anatembea kajifunika uso kwa joho. Niliwakusanya watoto, nikawaeleza wacheke wapi. Hawakucheka. Alipotokea yule wa joho, wawili walisogea kwangu. Nikawauliza, hamuoni kwamba huyu ni mtu mwingine? Mdogo kuliko wote akanijibu kwa kunong'ona, "Jini huwa haonyeshi uso." Ikabidi niwasindikize makwao.

Jambo ambalo sikulisimulia benchini, na nisingelisimulia mbele ya mwalimu, ni la kijana mmoja wa hapa hapa. Ni miaka zaidi ya kumi iliyopita. Alikuja na CD arobaini ndani ya boksi la sabuni, yeye na wenzake wametengeneza muvi yao, wamepiga picha kwa kamera ya kuazima, kava wameprinti kwangu mimi mwenyewe bila mimi kujua ni ya nini. Akaniomba niziuze, tugawane. Nikasema tuione kwanza. Ofisi ilikuwa imejaa. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kwenye maiki mpaka maneno hayasikiki. Maiti ilipepesa macho. Polisi alikuwa amevaa kandambili. Nilianza kucheka peke yangu, watu wakafuata, na mimi mtu akinichekea huwa naongeza. Nikasema kwa sauti, "Jamani, hii ndiyo mbovu kuliko zote nilizowahi kuona maishani mwangu." Yule kijana akasimama, akabonyeza kitufe, akangoja CD itoke. Akaifuta kwa shati. Akaibeba na boksi lake. Hakusema kitu. Moja aliisahau, ilikuwa mezani chini ya karatasi.

Niliiangalia tena baada ya miaka, nikiwa natafuta kitu cha kujaribia deki ya DVD ya mteja. Bado ni mbovu. Upepo upo, maiti inapepesa. Lakini kuna mahali wanamkimbiza mtu na panga, na nyuma yao, sekunde kama nne, linapita banda letu la video. Mabati, ubao wa matangazo ulioandikwa kwa chaki, na mlango wenyewe, ule ambao ukifungwa lazima uubebe kidogo. Lilibomolewa, pale sasa kuna fremu za maduka. Sina picha nyingine ya banda lile, na sijui mwenye nayo. Nilirudisha nyuma mara nyingi kiasi kwamba deki ya mteja ikapata moto.

Kijana yule siku hizi anapiga video za harusi. Tunasalimiana, lakini si sana. Alipiga ya binti wa dada yangu mwaka juzi. Akaanza na geti, likifunguliwa upande mmoja, kisha upande wa pili, gari la maharusi likaingia taratibu. Dada alilia kwa furaha. Mapazia yalikuwa yake.

Turudi benchini. Kompyuta, kwa tabia yake, ilikuwa imeshasema dakika tatu, ikapanda mpaka ishirini, sasa inasema sekunde arobaini. Kijana wa Kibirizi akaanza kusogeza ndoo yake. Akasema, kama jambo la kawaida, "Lakini kaka, yule mzee aliyekuwa anatafsiri si yupo? Anauza mawese pale Kibirizi. Baba yangu humwita Bwana Mafao."

Nilikuwa najua yu hai? Sikuwa najua. Nilidhani alirudi kwao.

Alikuja Alhamisi iliyofuata, na galoni la lita tano mkononi, maana hakutaka kuja bila biashara. Nywele nyeupe, sauti ile ile. Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi ni nani, akanikumbuka kwa shingo: "Yule mtoto wa chini ya televisheni." Nikamuuliza lile nililobeba tangu 2009. Mafao aliyatoa wapi?

Hakuona haya. Akasema Kiingereza alikuwa anasikia maneno machache, "go" na "come", na "money". Akasema Rambo ile hakuitafsiri mara zote vile. Jumamosi vijana wakiwa wengi Rambo alikuwa anadaiwa mahari, mhasibu anakuwa baba mkwe. Wakijaa wavuvi, alikuwa ameibiwa injini ya boti. "Mafao yalikuwa ya katikati ya wiki," alisema, "siku wanazoshinda mjini kufuatilia."

"Na wewe mwenyewe uliionaje? Ilikuwa nzuri?"

"Sijui. Mimi sikuwa naiangalia. Mgongo wangu ulikuwa kwenye televisheni."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau. Alikuwa anasimama ametugeukia sisi, akigeuza shingo mara moja moja kuhakikisha bado wanapigana.

Basi nikamwekea. Mzee wa meli alikuwepo, mwalimu alikuwepo, dada alisimamisha cherehani. Tuliiangalia kwa sauti yake halisi, na yule mzee alikaa kimya, mikono juu ya galoni lake, kama mgeni msibani. Mashine zilipoanza kupigwa risasi, mzee wa meli akanung'unika chini chini, "Mafaili hayo," na mtafsiri akatabasamu lakini hakusema. Kisha ikafika mahali ambapo mimi 2009 nilikuwa nimeshazima. Rambo anaongea na mkubwa wake, na kwa mara ya kwanza anaongea sana. Mwalimu akatutafsiria: anasema kwamba wanachotaka wao, na kila aliyekwenda kule na kumwaga damu, ni nchi yao iwapende kama wao walivyoipenda.

"Anasema hivyo?" akauliza mtafsiri.

"Hivyo hivyo."

"Hapo mimi nilikuwa nimeshazima maiki. Watu wanakuwa wanatoka, wanagombania mlango." Akasogea mbele kwenye benchi, galoni likabaki nyuma. "Nirudishie kidogo, mwanangu."

Nikarudisha.